Mstari wa Breki

"Mimi, Wakili, mkazi wa Bweni la Pili, mwenye akili timamu na kwa hiari yangu mwenyewe, naitangazia dunia kwamba nimeupokea ujumbe wako mtukufu, nimeusoma kwa unyenyekevu usiopimika, nimeuhifadhi moyoni, nami nitaufuata hadi siku nitakapozikwa."

Tangazo hilo zito halikupigwa muhuri wala halikusomwa mbele ya wazee. Liliandikwa na msichana wa miaka kumi na mitatu, miguu peku, kwenye kibodi ambayo herufi zake nusu zilikuwa zimefutika. Nao ujumbe mtukufu aliokuwa akiujibu ulisema hivi: "Wasichana wote mnakumbushwa kukunja blanketi."

Kila siku mambo yalikuwa hayohayo. Kengele ililia kabla jua halijaamua kama litatoka. Wasichana walitandika, walifagia, walipiga mswaki huku wakisukumana bombani, kisha wakakimbilia chumba cha kompyuta kupanga foleni. Humo mlikuwa na skrini nane nyeusi zenye maandishi ya kijani. Hazikuwa na picha, hazikuwa na rangi, na hazikuwa na kipanya cha kubonyeza. Zote ziliunganishwa na mashine moja kuukuu iliyokaa pembeni ikinguruma. Wasichana waliiita Bibi, kwa sababu ilikuwa ya zamani, ilisahau saa, na haikupenda kuharakishwa.

Kwa Bibi, barua pepe ilisomwa kwa kuandika amri. Uliandika neno "mail" na orodha ya ujumbe wako ikajipanga, kila mmoja na namba yake na jina la aliyeutuma. Ukiandika namba, unasoma. Ukiandika d na namba, unafuta. Mwalimu wa kompyuta, ambaye shule nzima ilimwita Mwalimu Amri, alikuwa na namna yake ya kueleza milango ya kutokea.

"Herufi q ni mlango wa mbele," alisema. "Ukitokea hapo, ulichofuta kimefutika, usije kunililia. Herufi x ni dirisha. Ukiruka dirishani, kila kitu kinabaki kama ulivyokikuta, kana kwamba hukuingia kabisa."

"Mwalimu," Wakili aliinua mkono, "penye haki, watu wana kipanya. Kompyuta isiyo na kipanya ni baiskeli isiyo na tandiko."

"Tandiko halijawahi kusukuma baiskeli, binti. Miguu ndiyo inayosukuma. Andika amri."

Jina la Wakili hakupewa na wazazi wake. Alipewa na bweni, baada ya kumtetea panya aliyekamatwa kabatini kwa hoja kwamba hakusomewa kanuni za shule. Hakuna jambo aliloambiwa akalikubali bila kesi. Na kwa wakati huo kesi yake kubwa ilikuwa dhidi ya Kiranja Mkuu.

Kiranja huyo alikuwa dada wa darasa la mwisho, mrefu, kola yake imenyooshwa hadi ingeweza kukata mkate. Alikuwa ameanzisha utaratibu wake: kila asubuhi alituma tangazo kwa barua pepe, na kila msichana alipaswa kulijibu kabla ya chai. Asiyejibu alisugua masufuria ya jikoni. Kwa kuwa skrini zilikuwa nane na wasichana walikuwa wengi, foleni ilizunguka jengo, na wa mwisho walifika chai ikiwa imebaki masalia na maji ya moto.

"Dada Kiranja," Wakili alimwendea siku moja, "kwa nini tujibu? Tangazo la kukunja blanketi linajibiwa kwa kukunja blanketi."

"Kanuni ni kanuni."

"Na kanuni mbaya?"

"Nayo ni kanuni. Tena leo utasugua masufuria, kwa kuuliza."

Wakili aliyasugua, lakini kila sufuria alilosugua lilimwongezea hasira, na hasira ilimwongezea akili.

Wiki hiyo Mwalimu Amri aliwafundisha jambo jipya. Mtu anaweza kumwachia Bibi maagizo katika akaunti yake: ukija ujumbe wowote, Bibi aujibu kwa maneno fulani hata kama mwenyewe amelala. Wakili, ambaye kwa kawaida alitumia kipindi hicho kuchora wanasesere wenye vichwa vya walimu, aliweka kalamu chini.

"Lakini kabla ya yote," Mwalimu alisema akigonga ubao, "mnaandika mstari huu. Unamwambia Bibi: ukiona ujumbe huu umetumwa na mashine, nyamaza. Huu ndio mstari wa breki. Mnajua kwa nini? Kwa sababu mashine mbili zenye adabu haziwezi kuagana. Huyu anasema asante, yule anasema asante kwa asante yako, na huyu naye hawezi kukaa kimya."

Darasa likacheka. Aliyekaa karibu na Wakili hakucheka, kwa kuwa alikuwa bado anajaribu kuuona ubao. Huyo ndiye Kimya, rafiki yake wa damu. Aliitwa Kimya kwa sababu hakuwahi kunyamaza hata siku moja. Aliongea darasani, aliongea bafuni, na wenzake wa bweni waliapa kwamba aliongea usingizini na kujijibu. Lakini macho yake yalikuwa mabaya. Alikaa dawati la mbele kabisa, na bado maandishi ya ubaoni aliyaona kama siafu wanaohama. Yote aliyojua aliyanakili kwenye daftari la Wakili, pua ikigusa karatasi.

Likizo iliyopita baba yake, fundi viatu, alimpeleka kliniki ya macho. Huko waliambiwa bingwa wa macho angekuja kwa muda mfupi, na wagonjwa wengi walikuwa wakingoja. Jicho la kushoto likiachwa hivyohivyo, alisema muuguzi, litazidi kufifia. Nafasi ikipatikana, kliniki ingeandika barua pepe kwenye sanduku la wanafunzi, lile ambalo Kiranja alitumia kutumia matangazo yake, na ambalo alilifungua yeye peke yake. Baba wa watu hakuwa na barua pepe. Alikuwa na nyundo, gundi na simu ya vocha. Kwa hiyo kila siku Kimya alimuuliza Kiranja, na kila siku Kiranja alimjibu, "Bado, mdogo wangu."

Mchana huo Wakili alikaa mbele ya skrini na kuandika maagizo yake. Aliandika lile tangazo lenye unyenyekevu usiopimika. Alipomaliza, Kimya aliisogeza pua yake hadi kwenye kioo na kusoma mstari kwa mstari.

"Umeruka breki."

"Breki ni za waoga."

"Mwalimu alisema—"

"Mwalimu alisema mashine mbili. Mbili, Kimya! Hapa shuleni ni nani mwingine mwenye akili ya kutengeneza kitu kama hiki? Mashine ni moja, na ni yangu."

"Haya. Lakini mimi simo. Mimi sioni, unajua. Hata ungeniuliza nani yuko mbele yangu sasa hivi, ningesema ni kabati."

Mtambo ulifanya kazi kama saa. Kiranja alituma tangazo, na kabla hajaondoa vidole kwenye kibodi, jibu la Wakili lilikuwa limeshafika. Wakati wenzake wakitetemeka kwenye foleni, Wakili alijigeuza upande wa pili na kuivuta blanketi. Chai aliinywa ya kwanza, ikiwa na maziwa yake yote. Na siku ya paredi Kiranja alisimama mbele ya shule nzima akasema:

"Kuna msichana hapa ambaye zamani alikuwa mbishi. Leo anajibu kabla ya wote, tena kwa maneno ya heshima yanayotoa machozi. Igeni mfano wa Wakili!"

Bweni la Pili lilipiga makofi huku likijiuma midomo. Wakili aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu usiopimika.

Kisha ikaja Ijumaa.

Wasichana waliamka wakasikia ngurumo kutoka chumba cha kompyuta. Foleni ya asubuhi haikusogea, kwa kuwa skrini zilichukua muda mrefu kuitikia, na Kiranja aliwafukuza wote waende darasani. Kufikia mapumziko, feni ya Bibi ilikuwa ikivuma kama ndege inayotafuta pa kutua. Wasichana walijazana mlangoni. Ndani, Kiranja alikuwa amekaa mbele ya sanduku la wanafunzi, kola imelegea, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

"Ujumbe elfu sita!" alikuwa akisema. "Elfu sita na bado unaingia! Na wote ni huu mmoja, wa Wakili. Angalieni! Mtoto wa watu alijibu mara moja kwa adabu, Bibi amelirudia jibu lake mpaka limekuwa tusi. Mashine imeshikwa na kichaa."

Watu walimgeukia Wakili kwa huruma. Mmoja alimpigapiga begani. "Pole, ndugu yangu. Wamekuharibia jina."

Wakili aliyakumbuka maneno ya Mwalimu Amri. Mashine mbili. Ni nani mwenye ya pili?

Mwalimu Mkuu wa shule aliingia, mkufu wa funguo ukilia kiunoni. Alikuwa mama mnene asiyependa kelele isiyotoka kwake. Aliisikiliza Bibi kidogo, akatikisa kichwa.

"Nilisema tangu mwaka jana. Hiki ni chuma chakavu. Leo kinazimwa, kesho kinatoka. Tutaomba mashine za kisasa, zenye rangi, zenye vipanya."

Shangwe ililipuka mlangoni. "Vipanya! Vipanya!" Wasichana walirukaruka. Na Wakili, ambaye ndiye aliyewafundisha kudai vipanya, alisimama katikati ya ushindi wake kama aliyemeza mfupa. Hakutakiwa kufanya chochote. Angenyamaza tu, naye angepata kila alichokuwa akikitaka, pamoja na sifa ya mtoto mwenye adabu.

Pembeni, Mwalimu Amri alikuwa akifuta miwani yake kwa pindo la shati. Alimtazama Wakili, kisha akaendelea kufuta miwani ambayo ilikuwa imeshatakata.

Hapo ndipo Kimya alipopenya katikati ya watu, akihema.

"Dada Kiranja! Baba amempigia matroni simu. Ameonana na muuguzi sokoni: kliniki waliniandikia jana jioni, nafasi ipo! Ila ni lazima tujibu leo kabla ya saa sita mchana, la sivyo anapewa mwingine. Baba anawapigia tangu asubuhi, simu yao haipokelewi. Umeuona ujumbe wao?"

Kiranja aliionyesha skrini kwa mikono miwili. "Niuone wapi, mdogo wangu? Humu ni msitu. Nimeshaagiza yote yafutwe, nikitoka tu yanakwenda. Baba yako akiwapata kwa simu, watatuma tena."

"Watatuma tena lini? Sasa hivi ni saa tano!"

Kidole cha Kiranja kilikuwa tayari juu ya herufi q.

"Dada, usitoke!" Sauti ya Wakili iliwafanya wote waruke. "Usitokee mlangoni! Toka dirishani! Bonyeza x!"

Kiranja, kwa mshtuko, alibonyeza x. Sanduku likajifunga bila kupoteza hata ujumbe mmoja.

"Unapajua humu ndani?" aliuliza.

"Nipishe, Dada."

Wakili alikaa. Alifungua sanduku upya, orodha ikateremka polepole, wakili, wakili, wakili, kama adhabu ya kuandika mistari. Kwa kipanya, mtu angebonyeza mmoja mmoja hadi aote ndevu. Lakini Bibi alikubali kitu kingine: badala ya namba, ulimtajia jina la mtumaji, naye akafuta yote ya mtu huyo na kuwaacha wengine. Vidole vya Wakili vilining'inia. Kisha akaandika d, akaacha nafasi, akaandika jina lake mwenyewe.

Orodha iliyobaki ilikuwa fupi. Mwenye duka la sare, shule jirani, matroni. Na wa nne: Kliniki ya Macho.

Kimya alipiga yowe. Alikaa, pua kwenye kioo, akaandika jibu la kukubali nafasi huku akilisoma kwa sauti kubwa, na akalituma. Kiranja alimkumbatia Wakili. "Unaona, Mwalimu Mkuu? Huyu ndiye niliyemsifu."

Mara skrini ikalia. Ujumbe mpya: wakili. Ikalia tena: wakili. Wakili. Wakili. Feni ikavuma.

"Jibu la binti bado halijatoka," Mwalimu Amri alisema taratibu, akitazama skrini nyingine. "Liko kwenye foleni, nyuma ya majibu mengine. Kwa mwendo huu, litafika kliniki jioni."

"Basi zima hicho kitu!" alisema Mwalimu Mkuu.

"Nikizima, litafika kesho. Mama, kuna bomba limeachwa wazi. Hapa tunakausha sakafu tu." Aliwageukia wasichana. "Kuna anayejua bomba liko wapi?"

Mlangoni wasichana walitazamana. Shangwe ya vipanya ilikuwa imekwisha. Wakili aliitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama Kimya, ambaye alikuwa ameikodolea macho sehemu isiyo sahihi ya ukuta, akidhani ndipo saa ilipo.

Akasimama.

"Bomba ni langu."

"Una maana gani?" Kiranja alicheka kidogo.

"Bibi hana kichaa. Mimi ndiye niliyemwagiza. Sijawahi kukujibu hata mara moja, Dada. Umekuwa ukisifu mashine. Nilimwachia Bibi maagizo akujibu, na nikaruka mstari wa breki makusudi." Kidevu chake kilikuwa juu. "Na sijutii kuikataa ile kanuni. Kanuni ni mbaya, na hata mkiniuliza kesho nitasema ni mbaya. Najutia bomba. Na najutia kwamba mlimtukana Bibi na mimi nikanyamaza."

Hakungoja hukumu. Alihamia skrini ya pili, akaingia kwenye akaunti yake, akayafuta maagizo yale yote, unyenyekevu na mazishi yake pamoja. Feni ya Bibi ilikohoa, ikapungua, ikarudi kwenye ule mngurumo wake wa kila siku.

"Vizuri," alisema Mwalimu Amri. "Sasa, mkono mmoja haupigi makofi. Jibu la Wakili lilikuwa likijibiwa. Na nani?"

Uso wa Kiranja ulibadilika rangi. Aliishika kola yake kana kwamba inamkaba.

"Mimi... jana jioni niliweka shukrani, kisha nikatuma tangazo la leo kabisa kabla sijalala. Kila anayenijibu apate 'Asante kwa utii wako, endelea hivyohivyo.' Sikuweka breki. Nilifikiri hapa shuleni hakuna mwingine anayeweza kutengeneza kitu kama hicho."

Kimya, aliyewahi kuyasikia maneno hayo mahali fulani, alianza kucheka, akashindwa kuacha.

Robo saa kabla ya saa sita, ujumbe uliingia kwenye sanduku la wanafunzi. Kiranja aliusoma kwa sauti. Kliniki imepokea jibu. Mgonjwa afike Jumatatu na mzazi wake. Na kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na shule hiyo, Kimya alinyamaza. Alimshika Wakili mkono tu, akaubana hadi vidole vikauma.

Baada ya wasichana kutawanywa, Mwalimu Amri aliwabakisha Wakili na Kiranja mbele ya Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu, wewe ulijua," Wakili alisema. "Ulijua tangu mwanzo."

"Nilijua nilipouona mstari wa kwanza. Mashine haiwezi kuandika upuuzi mtamu namna ile. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi. Ingefika saa tano na nusu ningelifunga bomba mwenyewe, jicho la mtoto halichezewi. Lakini wewe ungekuwa umeipoteza nafasi ya kusema." Alivaa miwani yake. "Sikiliza, binti. Kukataa jambo baya si kosa. Mimi mwenyewe wananiambia kila mwaka nimtupe Bibi, na kila mwaka nakataa. Lakini ninakataa mchana kweupe, jina langu likiwa chini. Ukikataa kwa kujificha, anayeumia ni yule aliyesimama karibu nawe, tena hajui ni nani amemkanyaga. Kataa, lakini weka jina lako. Na weka breki."

"Na kiranja," aliongeza Mwalimu Mkuu, "ukitaka kusikilizwa, usihesabu majibu. Hesabu blanketi zilizokunjwa. Nyote wawili, masufuria, wiki nzima. Bibi anabaki. Na hiyo kanuni ya kujibu kabla ya chai nitaitazama, kama kuna mwenye ujasiri wa kuniletea malalamiko yenye majina."

Jumatatu Kimya alikwenda kliniki, na baada ya muda alirudi na miwani minene kama vitako vya glasi. Alizunguka shule nzima akiwaambia watu jinsi walivyo. Kanuni ya Kiranja ilikuwa imeshafutwa, kwa sababu Mwalimu Mkuu alipokea barua pepe moja, moja tu, iliyoanza hivi: "Sisi, wakazi wa Bweni la Pili, wenye akili timamu na kwa hiari yetu wenyewe, tunaitangazia ofisi yako tukufu..." Chini yake palikuwa na majina, na la kwanza lilikuwa la Wakili.

Siku barua hiyo ilipofika, Mwalimu Amri alimkuta Wakili jikoni, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni, Kiranja akiwa pembeni yake anakwangua ukoko.

"Barua nzuri," alisema. "Imeandikwa vizuri, majina yapo. Ila kuna mtia sahihi wa mwisho hapa, anaitwa Bibi, wa chumba cha kompyuta. Anasema anachoka kuamshwa alfajiri. Huyu amesaini vipi?"

Wakili alilitazama sufuria. Sufuria halikumsaidia.

"Ni mimi, Mwalimu."